Je, Mtoto wa Mgeni ni Mgeni?

Alikuja kwangu baada ya sala ya Isha, jambo ambalo si kawaida yake, akaketi juu ya mkeka na kunyamaza kwa muda mrefu. Ni mwalimu wa hesabu, Mwislamu, mzaliwa wa Kerala katika kusini ya India, na alikuwa akitimiza mwaka wake wa tisa katika mji wetu wa Tabora pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Binti yao alikuja akiwa na miaka mitano. Kijana, ambaye sasa ana miaka saba, amezaliwa papa hapa. Nilimtilia chai. Akakishika kikombe bila kunywa, kisha akasema: “Sheikh, mwanangu ameacha kuniita *uppa*.”

Yafaa nieleze kwamba neno hilo ndilo watoto wa Kiislamu wa kwao wanalomwitia baba. Kwa miezi kadhaa kijana alikuwa akisema “baba” kama watoto wote wa mtaani, na mzazi alilivumilia hilo. Lakini jioni ile mama yake mzazi alikuwa amepiga simu kutoka Kerala. Mjukuu akapewa simu, akasema kwa adabu kubwa, “Shikamoo, bibi,” akasikiliza kidogo, kisha akamrudishia mama yake simu, kwa kuwa hakuelewa aliloambiwa. Yule bibi kizee akauliza kwa lugha yake: mtoto amesema nini? Hakuna aliyemjibu. Na lililomchoma mwalimu zaidi ni kwamba katika nyumba ile ile yumo mwanamke mwingine anayeitwa “bibi”: mama mmoja wa Kinyamwezi, mtu mzima, aliyemlea kijana tangu akiwa na siku arobaini, kwa sababu wazazi wote wawili hushinda kazini. Bibi huyu kijana anamwelewa vizuri sana, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi pia.

“Nimempoteza mwanangu,” alisema, “na nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe, maana ni mimi niliyekuja hapa.” Aliongeza jambo ambalo lilimtoka kwa shida. Yeye na mkewe, kijana alipoanza kusema, walikubaliana wazungumze naye Kiingereza tu, ili apate kufaulu shuleni. Kimalayalam chao walikiweka kwa ajili ya chumbani.

Wasomaji wapenzi, ningeweza kumjibu upesi kwamba watoto ndivyo walivyo, na kwamba atakapokua atajifunza. Majibu ya namna hiyo huwaondoa watu barazani, hayawaondolei mzigo. Swali lililokuwa nyuma ya maneno yake si dogo. Mtu akihama nchi yake kwa hiari, kwa ajili ya kazi au elimu au riziki, ugeni ni wake. Ameuchagua, na akichoka anaweza kufunga mizigo. Mtoto aliyezaliwa huko hakuchagua kitu. Kwake yeye, hapo si ugenini. Je, mzazi ana haki ya kumdai mtoto huyo awe mgeni pamoja naye? Na ikiwa hana haki hiyo, ana haki ya kumdai nini?

Katika Taurati, kitabu cha Kutoka, sura ya pili, imeandikwa kwamba Nabii Musa a.s., alipokimbia Misri na kukaa Midiani, alioa huko, na mkewe alipomzaa mtoto wa kiume alimpa jina la Gershomu, jina ambalo kitabu chenyewe kinalifungamanisha na hali ya kuwa mgeni katika nchi isiyo ya mtu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi bila kusimama. Usiku ule nilisimama. Ni nani aliyekuwa mgeni pale? Ni Musa. Mama wa mtoto alikuwa binti wa Midiani. Babu yake alikuwa mtu wa Midiani. Visima alivyonywa maji na kondoo aliowachunga vilikuwa vya Midiani. Lakini kila aliyemwita mtoto yule kwa jina lake alikuwa akiutaja ugeni wa baba yake. Sisemi kwamba Nabii wa Mungu alikosea. Huenda jina lile lilikuwa ukumbusho wake mbele ya Mola wake. Nasema tu kwamba wazazi wageni walio wengi huwapa watoto wao jina hilo, hata wakiwaita Abdallah au Yusufu.

Sasa tuutazame mji wenyewe anamokaa mwalimu wetu, kwa kuwa sidhani kama kuna mji mwingine katika bara hili unaolijua swali lake kuliko huu. Katika karne ya 19 njia ya misafara, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita katika nchi ya Unyanyembe, na wafanyabiashara wa Oman na wa pwani wakaweka makao Kazeh, ndipo ilipo Tabora. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857 walikaribishwa na Snay bin Amir, Mwarabu aliyekuwa amekwisha kujenga na kutulia. Watu hawa wote walisema wamekuja kwa muda tu, wapate pembe na warudi. Hata hivyo walijenga tembe za kudumu, na miembe ya njia ile ya zamani, ambayo sifa yake tunawapa watu wa misafara, haizai kwa msimu mmoja. Apandaye mwembe anajua ni nani atakayekula embe.

Na walioa. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Huyo Hamed mwenyewe, ambaye mama yake alikuwa mwingine, alizaliwa Unguja na akajihesabu kuwa Mwarabu siku zote. Lakini alipokuwa mzee na kutaka kuyaandika maisha yake kabla ya kufa mwaka 1905, hakuyaandika kwa Kiarabu. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Nasaba aliihifadhi kama alivyofundishwa. Ulimi ulikuwa umekwisha kuwa wa huku. Wala hatusikii kwamba jambo hilo lilimhuzunisha.

Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo, kana kwamba historia ya Tabora ni ya baba za watu na ndoa njema za kitemi. Katika nyumba zile zile walikuwamo wazazi wengine waliokuwa ugenini: wanawake walioletwa kwa nguvu kutoka Manyema na nchi nyingine zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mtoto ambaye bwana alimzaa na mjakazi wake alihesabiwa huru na alifuata nasaba ya baba. Hiyo ilikuwa sheria, na ilimfaa mtoto. Lakini ukoo wa mama uliwekwa wapi? Mtoto alifundishwa kuwahesabu babu zake mmoja baada ya mmoja mpaka Oman, na jina la kijiji cha mama yake pengine hakulisikia. Naye alikuwa mzazi mgeni kama mwalimu wetu, tena mgeni aliyekuja na kamba shingoni, na hakuna aliyemwuliza angependa mtoto wake amwite mama kwa lugha gani. Tunapoitaja dhuluma ya siku zile tunataja minyororo na sokoni. Hii ya nyumbani, iliyofanywa polepole kwenye midomo ya watoto, huitaji mtu.

Nalieleza jambo hili kwa sababu nilimwuliza mwalimu jina la yule mama wa Kinyamwezi anayemlea mwanawe. Akaniambia jina la kazi, lile la “mama wa nyumbani”. Jina lake hasa, na kwao ni Sikonge au Urambo au Nzega, hakulijua. Kwa miaka saba mwanamke huyo alimpa mtoto hadithi, methali, adabu ya kupiga goti anapomwamkia mkubwa, na mapenzi ya ugali na mlenda. Na baba, kila alipoviona vitu hivyo, aliviandika katika safu ya hasara. Hakuwa na nia mbaya. Lakini aliyekwisha kumwona mtoto wake kama mali iliyopotea, hataweza kumwona aliyeiokota kama mfadhili.

Kuna mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi kwa wakati, nao ni mzito. Mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa katika Burundi, familia kwa maelfu zilivuka mpaka. Katika mkoa wetu zilipewa ardhi Ulyankulu. Nyingine zikawekwa Katumba, na miaka michache baadaye Mishamo, mahali ambapo leo pako katika mkoa wa Katavi. Hao hawakuja kutafuta mshahara. Walilima, wakajilisha, wakauza ziada. Lakini mtu aliyetaka kutoka nje ya makazi yale alihitaji kibali. Kwa hiyo katika makazi yale walikutana mzazi aliyesema “kwetu ni kule, hapa tunangoja” na sheria iliyosema hivyo hivyo. Kati ya hao wawili alikua mtoto, anasoma kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, anaota kwa lugha ambayo mwenyewe hajui ni ipi. Miaka 36 ikapita. Mwaka 2008 wakaulizwa mmoja mmoja: utarudi, au utaomba uraia wa Tanzania? Aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1975 alikuwa sasa na miaka 33 na watoto wake. Aliombwa achague kati ya nchi ambayo hakuwahi kuiona na nchi ambayo ndani yake hakuwa na hati. Walio wengi sana walichagua kubaki. Zaidi ya 162,000 walipewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014.

Sitawalaumu wale wazee waliong'ang'ania Kirundi na majina ya vilima vya kwao. Aliyenyang'anywa kila kitu ana haki ya kukumbatia kumbukumbu. Lakini nawaza juu ya mtoto aliyelelewa akingojea safari ambayo si yake. Kungojea nako kunarithiwa, kama vile deni linavyorithiwa.

Basi mzazi mgeni amdai nini mtoto wake? Hapa nategemea mfano ulio mkubwa kuliko yote katika dini yetu. Nabii Ibrahimu a.s. alimwacha Hajar na mtoto Ismaili katika bonde lisilo na mimea. Dua aliyoiomba wakati huo imo katika Qur'an Tukufu, Sura Ibrahim. Yatafakarini aliyoyaomba: aliomba wasimamishe sala; aliomba mioyo ya watu ielekee kwao; aliomba waruzukiwe matunda wapate kushukuru. Sala, majirani, chakula. Hakuomba kwamba kizazi chake kiendelee kusema lugha ya nchi aliyotoka, wala kwamba wasiwaoe wenyeji. Na katika Sahihi Bukhari tunasoma kwamba watu wa Jurhum walipokuja kukaa penye maji yale, mtoto Ismaili alikua kati yao, akajifunza Kiarabu kutoka kwao, na akaoa kwao. Mtoto huyu wa wageni, aliyechukua ulimi wa jirani zake, ndiye ambaye katika kizazi chake alikuja Mtume Muhammad s.a.w. Kama Ibrahimu angekuwa na hofu ya mwalimu wetu, angesema: nimempoteza mwanangu kwa Jurhum.

Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza kama mwalimu wa hesabu anavyosikiliza, akitafuta mahali penye kosa, na akalipata. Akasema: “Sheikh, Ibrahimu alirudi kumtembelea mwanawe, na walielewana. Mama yangu ana miaka 78. Yeye hatakuja Tabora. Je, haki yake iko wapi?”

Hapo sikuwa na jambo la kujibu ila kukubali. Na naona kwamba maneno yake yalitupatia njia, kwa kuwa aliacha kusema juu ya lugha yangu, mila yangu, mtoto wangu, akamtaja mtu. Kuunga udugu ni amri ya Mungu, na bibi aliye hai ana haki juu ya mjukuu wake, haki ya kusikilizana naye. Hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha mtoto Kimalayalam. Akifundishwa ili asifanane na watoto wa Kinyamwezi, atajifunza kiburi au atakataa kabisa, na akikataa atakuwa na sababu. Akifundishwa kwa kuwa kuna kikongwe anayekaa karibu na simu akingoja kusikia neno, hata mtoto wa miaka saba ataelewa. Hofu ya baba kuonekana mtu aliyeishiwa na ukoo ni mzigo wa baba, na yampasa aubebe mwenyewe.

Wengi wenu, ndugu zangu mlioingia katika dini mkiwa watu wazima, mnaijua njia hii kwa upande wa pili. Mlipotoka katika njia ya wazee wenu, waliwaambia mmepotea. Na wengine katika sisi, kwa ujinga, tukawaambia muache hata salamu na majina ya babu zenu yasiyo na ubaya wowote. Sura Luqman haisemi hivyo. Inamwamrisha mtu asiwatii wazazi katika kumshirikisha Mungu, na papo hapo inamwamrisha akae nao kwa wema hapa duniani. Mtu anaweza kuhama njia bila kuhama jamaa. Na ikiwa mtu mzima aliyebadili imani habanduki katika ukoo wake, itakuwaje mtoto aliyebadili neno moja la kumwitia baba yake?

Lakini na sisi wenyeji tunalo la kujibu. Kijana huyu, mwenye nywele za singa, akipita sokoni huulizwa, “Wewe, kwenu wapi?” Hujibu, “Tabora.” Watu hucheka, wanauliza tena, “Hapana, kwenu hasa?” Amezaliwa hapa, anajibu *mwangaluka* asubuhi kwa sauti ya mtoto wa Kinyamwezi, na bado tunamcheka. Kumbe si baba yake peke yake anayemwita Gershomu. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi huitumia methali hiyo kumfukuza mtu kwa upole. Mimi naisikia vingine: anayepewa jembe amekwisha kutoka sebuleni, ni mtu wa shamba hili. Wazee wetu waliobeba mizigo hadi Bagamoyo walikuwa wageni huko, wakataniwa, wakatania, na utani ule wa Wanyamwezi na Wazaramo umebaki mpaka leo. Qur'an Tukufu katika Sura Al-Rum inazihesabu tofauti za ndimi na rangi zetu kuwa ishara za Mungu, na ishara haiulizwi sokoni kwao hasa ni wapi.

Kabla hajaondoka nilimwuliza mwalimu swali moja ambalo nilijua litamkera: katika miaka tisa, amehudhuria misiba mingapi katika mtaa wetu? Akahesabu. Mmoja, wa mwalimu mwenzake. Mwanawe alikuwa amekwenda zaidi ya kumi, mkononi mwa bibi yake wa Kinyamwezi, ameketi na watoto, amekula kilichopikwa, amejua ni nani amefiwa na nani. Aliyekaa nje ya mji wa Tabora muda wote huo alikuwa baba.

Alikunywa chai yake, iliyokuwa imepoa, akaaga.

Zilipita wiki kadhaa. Sikumwuliza neno, ila nilimwona mara mbili penye mazishi, amesimama nyuma kidogo, amevaa kofia. Kisha jioni moja nilipita kwao kumpelekea asali niliyoletewa kutoka Sikonge, nikawakuta wote wamekusanyika kwenye simu. Kijana alikuwa akisema na Kerala, kwa Kimalayalam kilichovunjikavunjika, dada yake akimnong'oneza sikioni. Alikuwa akimsimulia bibi yake chakula alichokula mchana. Akafika kwenye neno *matobolwa*, akakwama, akamtazama dada yake. Dada yake akamtazama mama. Mama akamtazama baba. Kumbe katika lugha yao hakuna neno hilo, na katika nyumba ile wakubwa walikuwa wameyala mara nyingi bila kuuliza. Kutoka ng'ambo ya bahari sauti ya bibi kizee ikawa inauliza tena na tena. Mwalimu akainuka, akachukua simu, akaenda nayo mpaka jikoni, akamwita yule mama kwa jina lake, na kumwomba aeleze tangu mwanzo: viazi vinachemshwa kwanza au vinakatwa kwanza, na vinaanikwa siku ngapi.